Tarishi wa Shibe

Shomari mwanangu,

Salamu nimekupa tangu asubuhi, mlangoni, chumbani na tena mlangoni, na hukuitikia hata moja. Kwa hiyo kwenye karatasi hii sizirudii, chukua zilezile. Shikamoo yako nami sijaipata tangu juzi walipokuleta umebebwa na watu wawili, kichwa kinaning'inia kama cha kondoo aliyechinjwa. Marahaba yangu nimeiweka akiba. Tutaizungumza mwishoni.

Sasa ni baada ya Alasiri. Wewe uko chumbani, umelala kifudifudi na unajifanya una usingizi. Mtu mwenye usingizi hakunji ngumi, mwanangu. Mimi niko ukumbini na herufi zangu za chuoni, zile ulizozicheka kwamba zinatembea kama kaa. Leo zitakwenda polepole tu, lakini zitafika.

Kesho alfajiri unaondoka. Mtaa mzima umeambiwa unakwenda Saadani kwa mjomba wako Athumani, kwenye mashamba ya chumvi, mpaka maneno yapoe. Na mimi nimeambiwa hivyohivyo. Lakini kisu changu kidogo, kile cha kuoshea utumbo, hakipo kwenye kibao chake, na chumvi haikatwi kwa kisu. Njia ya Saadani inakwenda kaskazini, ya Kaole kwa hao waliokupiga inakwenda kusini, na zote mbili zinaanzia mlangoni petu. Mimi nimechoka tu, sijawa mjinga.

Kisu sikuulizi. Wala sitakuambia uchemshe maji, uvae kofia juani, umsalimu mke wa mjomba kabla ya mjomba mwenyewe. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na chumvi, ambayo ni mwalimu mzuri sana kwa mtu mwenye vidonda. Mimi nataka kukueleza habari za utumbo.

Usicheke. Midomo yako imepasuka, ukicheka itatoka damu tena.

Babu yako alikuwa mchinjaji na mimi nilikuwa mwanawe wa tatu, tena wa kike, kwa hiyo nilipewa kazi iliyobaki: kuosha matumbo pwani. Kila kukicha ng'ombe waliangushwa, wakafungwa miguu, bismillahi, kisu kikapita, damu ikaruka mpaka kwenye vifundo vyangu. Jicho la ng'ombe lilikuwa bado halijafifia na mimi nimeshatupiwa tumbo lake, linafuka mvuke. Wenzangu waliimba wakiosha. Mimi sauti sikujaliwa, nikawa natazama.

Ng'ombe walikuwa wa namna mbili. Walikuwapo waliotoka bara, wameswagwa kwa fimbo kupitia Vigwaza, mbavu nje, hawajaonja jani tangu jana yake. Na walikuwapo waliolala kwenye majani ya kingo za Ruvu, wakala mpaka walipotiwa kamba. Nikaona jambo. Yule mwenye njaa, nyongo yake imejaa, imevimba kama limau, ukiigusa vibaya inapasuka na kuharibu ini lote, na babu yako anakupiga kofi kwa mkono uleule wenye damu. Yule aliyeshiba, nyongo yake imenywea kama mfuko wa tumbaku wa bibi kizee.

Nikajiuliza. Nyongo haina macho, imejificha chini ya ini. Ni nani aliyekwenda kuiambia kwamba chakula kimefika, sasa jimimine? Nikatafuta kamba. Nilidhani lazima iwepo kamba, kama ile anayovuta mtu aliye mtumbwini kumwambia mwenzake aliye majini. Nikachana, nikapasua, nikafuata kila mshipa kwa ukucha.

"Wewe Tatu," babu yako akaniuliza, "unaosha utumbo au unausoma?"

"Nausoma, baba."

Nikapigwa kofi. Kamba sikuiona.

Nilipokua na kuolewa na baba yako nikawa mpishi wa shughuli, na huko nikahamisha macho yangu kutoka kwa ng'ombe kwenda kwa watu. Watu hawachaniki kwa urahisi, lakini wanakula mbele yako. Nikaona kwamba mtu akianza na chakula chenye mafuta, kisha akacheleweshwa kidogo kwa mazungumzo, mkono wake unakuwa mzito kabla sahani haijafika nusu. Na mtu anayekula haraka anakula mara mbili yake, halafu baadaye ndipo anajishika tumbo na kuomba aegemezwe ukutani. Kumbe habari ya shibe inakwenda kwa miguu. Mtu anakula, kisha tarishi anatumwa, na mpaka tarishi afike, muda wa kukoka moto na kuchemsha chai umeshapita. Mlaji hodari ni yule anayemaliza kazi kabla tarishi hajabisha hodi.

Uliyasikia ya mashindano, lakini uliyasikia kwa mdomo wangu, na mdomo wangu ulikula nusu. Leo nakupa yote.

Kabla hujazaliwa mji huu ulikuwa unapigana kwa chakula. Chama chetu kiliitwa Nanga, cha watu wa mjini. Chao kiliitwa Pembe, cha Kaole. Mwaka huu hawa wanaalika, mwaka ujao wale. Wageni wakishindwa kumaliza kilichopikwa, wameaibika. Wageni wakimaliza na kugonga masinia matupu, mwenyeji ndiye aliyeaibika, na mwaka mzima ataimbwa, na mkewe ataulizwa sokoni kama hata ukoko haukubaki. Usione ni mchezo. Watu walihama mtaa kwa sababu ya wali.

Safari iliyotangulia Pembe walitumaliza. Walikula mpaka tukakwangua masufuria, kisha wakajivika masinia vichwani na kuyapiga kwa miiko njia nzima mpaka Kaole: *Nanga imeota kutu, sinia halina kitu.* Aliyewaongoza alikuwa Mwinyikondo. Ndiye baba yake Faraji, huyu uliyemvunja taya. Mwinyikondo alikuwa anakula kama mtu anayezima moto. Wengi walimsifu ukubwa wa tumbo. Mimi nilimtazama vizuri, tumbo lake ni la kawaida tu. Silaha yake ilikuwa haraka.

Basi zamu yetu ilipofika tena, wazee wa Nanga wakaniita. Wakaniuliza tuongeze magunia mangapi ya mchele. Nikawaambia, "Msiongeze hata pishi. Nipeni mikia ya kondoo."

Wakaniona nimeharibika. Baba yako, Salumu, peke yake ndiye aliyenielewa, na akacheka mpaka akalala chini. Salumu alikuwa mrefu, mzuri, na kiungo chake chenye nguvu kuliko vyote kilikuwa ulimi.

Wageni walipoingia hatukuwapa wali. Tuliwapa kwanza supu, kikombe kimoja kimoja, kwa heshima kubwa: mafuta ya mkia wa kondoo, tui la kwanza, samli juu yake. Kikombe kidogo, nani atakikataa? Kisha halwa, kipande. Kisha nikamsimamisha ami yangu Kibwana awakaribishe. Ami Kibwana, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kumwambia mtu karibu bila kuanzia kwa babu wa babu yake. Alisimama, akakohoa, akaanzia kwa babu wa babu yake. Mimi nikakaa jikoni nimeshika upawa, nasubiri tarishi atembee.

Ndipo tukatoa pilau.

Mwinyikondo alikunja kanzu, akatupa matonge ya kwanza kwa kasi yake ileile. Halafu mkono ukasimama hewani. Tonge likiwa vidoleni akalitazama kama barua asiyemjua aliyeiandika. Jasho likamtoka. Kulia kwake mikono imesimama, kushoto imesimama. Masinia yamejaa, moshi unapaa, na watu wa Pembe wanatazamana.

Hapo ndipo ningemwita baba yako jikoni. Nilimwona anakwenda, nilijua anakwenda kusema nini, na nilitaka aseme.

Alichukua sinia zima, akaliweka chini ya pua ya Mwinyikondo. "Kula, shemeji! Au nikutafunie, wewe umeze tu?"

Watu wakaangua kicheko. Mwinyikondo akasema kwa sauti ndogo, "Salumu, niondolee."

"Nikuondolee nini, na hujala? Mkeo alisema wewe ni mwanamume. Alikuwa anamsema nani?"

Mtu wa nyuma akapiga ukelele, "Supu ina dawa! Tumerogwa!"

Mwanangu, mtu asiyeweza kumeza tonge anaweza kung'oa nguzo. Nililiona kwa macho yangu. Sinia la kwanza lilimpasua Ami Kibwana nyusi, akaanguka hajamaliza ukoo. Banda la shughuli likaporomoka juu ya watu. Kuni zilitolewa jikoni zikiwaka, kijana mmoja akashika moto kanzu, akakimbia huku na huku akiwasha wengine. Tulikanyaga pilau na damu, tukateleza, tukaangukiana, tukapigana tukiwa chini. Mwanamke mmoja, jina nalihifadhi, alimng'ata mwenzake sikio akalitema kwenye wali. Na haya yote watu wameshiba.

Mwinyikondo akaushika mchi. Mchi wangu, uliokuwa umeegemezwa kwenye kinu hikihiki kilichopo uani. Akampiga baba yako nao chini ya mbavu, mara moja, kwa ncha, kama anatwanga. Salumu hakulia. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo.

Hadithi niliyokulea nayo iliishia hapa. Mwinyikondo akaua, Mungu akamnyausha mkono, basi. Ulinyonya hadithi hiyo pamoja na maziwa, na ilikuwa fupi kwa makusudi, ili uweze kuibeba ukiwa mdogo. Hilo ndilo kosa langu. Supu niliyowapikia Pembe ilikuwa ujanja wa mashindano, na hata leo naona ulikuwa ujanja mzuri. Ila nilimpa mtoto asiye na meno mfupa wa kutafuna, na nikafurahi nilipoona taya zake zinakua.

Haya, iliyobaki ni hii. Mwinyikondo aliutupa mchi. Aliutupa, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Salumu, Salumu, inuka." Nilimwona ameutupa. Nilimsikia. Ugomvi wake ulikuwa umekwisha, mikono yake mitupu, anamwinamia baba yako amwinue. Mimi nikaenda jikoni, nikachukua sufuria ya supu iliyobaki motoni, inachemka mafuta yamepanda juu, nikarudi nayo, na nikammwagia.

Alikinga uso kwa mkono wa kulia. Ngozi ilibambuka kama ngozi ya utumbo ukiutia maji moto kabla ya kukwangua. Mkono ule haukunyaushwa na Mungu, mwanangu. Mungu ana kazi nyingine. Mkono ule ni mimi.

Na sikiliza, maana kwa jambo hili ndiyo naharibu karatasi. Sikutosheka. Nilimpiga kwa upawa mpaka kifuu kikavunjika, nikampiga kwa mpini. Akalala, nikampiga. Wakanishika, nikapiga walionishika, wa Nanga, wa Pembe, sikuwachagua. Na ndani yangu nilikuwa nasubiri kitu. Nilikijua kwa sababu nilikuwa nimekisubiri jikoni muda mfupi tu kabla yake, nimekaa na upawa uleule. Nilikuwa nasubiri mahali ambapo mkono unakuwa mzito, tonge linasimama hewani, mtu anasema alhamdulillahi. Hapakuja. Kila pigo lilinipa njaa zaidi ya lile lililopita. Wangeniachia mji mzima niupige, ningemaliza mji nikauliza kama kuna ukoko.

Baba yako tulimlaza ukumbini, hapa nilipokaa. Nilimgusa tumbo na nilijua kabla ya mganga na kabla ya dokta. Lilikuwa gumu kama ubao. Nimeshika matumbo mengi, yaliyopasuka nayatambua kwa kidole. Aliniambia, "Tatu, supu yako kali." Akataka kucheka, maumivu yakamkatiza. Ijumaa hakuiona. Wewe ulikuwa tumboni mwangu, hata sijamwambia.

Mwinyikondo alihukumiwa, akafungwa miaka, akatoka. Wewe ulishaanza kukimbia. Mimi wakati huo hakuna aliyeniita kupika shughuli, unaelewa kwa nini, nikawa nauza supu ya utumbo karibu na machinjio. Asubuhi moja akaja. Alikuwa amekonda, mkono wa kulia umejikunja kifuani kama mguu wa kuku. Watu waliokuwa kwenye viti wakainuka. Wengine waliondoka na bakuli zangu mpaka leo.

"Bi Tatu," akasema, "nipe supu."

Nikamtilia. Akainywa kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtu anayejifunza. Sufuria ilikuwa inachemka kando ya goti langu, na sitakudanganya, niliitazama.

"Ina mafuta kama ile," akasema.

"Supu bila mafuta ni maji ya kunawia."

Akanywa tena. Halafu akauliza, na alikuwa amelibeba swali hilo tangu kifungoni, nililiona lilivyomtoka kwa shida: "Siku ile mlitutilia nini?"

"Mkia wa kondoo, tui, samli."

"Na dawa?"

"Dawa hakuna."

"Basi kwa nini sikuweza kula?"

"Ulishiba, Mwinyikondo. Ulishiba mapema, wewe mwenyewe hukujua."

Aliweka bakuli chini. Sijapata kuona mtu akipigwa bila kuguswa namna ile. "Nimemuua mtu," akasema, "kwa sababu nimeshiba?"

Nilikuwa na jibu zuri la ukatili, limenoleka miaka yote hiyo. Nikaangalia mkono wake, jibu nikalimeza. Wewe ukaja mbio ukanishika kanga. Akakutazama. "Huyu ndiye?" "Ndiye." Akainua ule mkono uliokunjika akataka kukushika kichwa, na mimi nikainua upawa. Akaushusha mkono. Nami nikaushusha upawa. Hayo ndiyo maongezi yetu marefu kuliko yote, na kila mwaka baada ya mfungo anapita kunywa supu, na wewe siku hiyo nakutuma mbali.

Umewahi kuniuliza kwa nini nyumba hii ina kinu lakini haina mchi, na kwa nini tunaazima wa jirani. Sasa umejua.

Yule tarishi nilikuja kujulishwa habari zake na dokta wa Kihindi wa hospitali, aliyekuwa anapenda utumbo kuliko mke wake alivyoruhusu. Nilimweleza nyongo za ng'ombe wangu, wenye njaa na walioshiba, nikamwambia nimetafuta kamba mpaka kucha zimeisha.

"Bi Tatu," akasema, "kamba hakuna. Ipo damu."

Akanieleza huku anakunywa. Utumbo mwembamba, pale mwanzoni kabisa unapopokea chakula kutoka tumboni, ukionja mafuta unaachia kitu kidogo sana ndani ya damu. Kitu hicho kinazunguka na damu mwili mzima, kinapita mikononi, kinapita kichwani, hakimsemeshi mtu, mpaka kifike kwenye nyongo, na nyongo ikikipata inajikamua. Na tumbo nalo linatumiwa habari kwa njia hiyohiyo: punguza mwendo, usimimine kwa pupa. Akanitajia jina la kitu hicho kwa lugha yao, refu kama treni ya bara, likanipita. Mimi nikasema, "Ni tarishi." Akasema, "Ni tarishi kweli, na habebi barua yoyote, yeye mwenyewe ndiyo barua."

Nikamwambia mimi siku zote nilidhani mafuta yanaziba mdomo wa tumbo kama kifuniko. Akacheka. "Ingekuwa kifuniko, wateja wako wangetapika hapahapa. Tumbo halizibwi, linaambiwa." Hapo nilijifunza kitu, nikamwongezea nyama.

"Na mtu mwenyewe," nikamuuliza, "ni nani anayemwambia ameshiba? Tarishi yuleyule?"

Akakuna kichwa. "Hilo bado. Nyongo wameweza kuipima. Shibe ya mtu utaipimaje? Nadhani ni huyohuyo, au nduguye. Lakini nadhani tu."

Sikumwambia kwamba kwetu tuliipima, na kipimo chake kilizikwa. Ila nilimuuliza swali moja zaidi. Nilimuuliza kama kuna tarishi wa hasira. Kama kuna mahali popote ndani ya mtu panapoonja damu ya adui na kutuma habari kwamba basi, imetosha, mkono uwe mzito. Alidhani namfanyia mzaha. Alilipa akaenda zake.

Mimi nimemtafuta mwenyewe. Nimechana matumbo maisha yangu yote, ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo, na usiku nimejichana langu. Sijamwona. Kwa chakula Mungu ametuumbia mtu wa kutwambia tosha, hata kama anachelewa. Kwa hasira kiti hicho ni kitupu. Faraji na ndugu zake walikupiga kwa fito za kukaushia samaki mpaka zikakatika, na ulipolala wakaendelea. Kabla yao wewe ulimpiga Faraji, na watu wamenieleza, taya lilishavunjika na bado unapiga. Na yeye alikuwa amefanya nini? Aliimba ule wimbo: *Supu ya Bi Tatu tamu, mnywaji ni marehemu.* Wimbo mzuri, vina vimekaa sawa. Umeimbwa tangu ukiwa hujazaliwa na mimi nimeuzia supu. Ungeniuliza ningekuambia ubeti wa pili.

Kesho ukienda kusini utawakuta. Nakujua, wewe ni mwepesi na hao hawakutarajii. Huenda ukampata Faraji mlangoni na taya lake limefungwa kitambaa, hata kupiga kelele hawezi. Kisu kitaingia vizuri, nimekinoa mimi. Kisha utasimama pale usubiri niliyoisubiri mimi, na haitakuja, na nyuma ya Faraji yupo nduguye, na nyuma ya nduguye yupo mzee mwenye mkono uliokunjika ambaye atakutambua, kwa sababu ananyanyua kichwa kila mara anapouona mwendo wa Salumu katika miguu yako kwenye njia ile. Huyo naye utamfanya nini?

Sikwambii usiende. Nina haki gani? Nakuomba jambo moja, la mpishi.

Hujala tangu juzi. Una njaa mbili zimeshikana, huwezi kujua ipi inakuvuta mkono. Itoe kwanza ile inayotoka. Utakapoamka sitakuwepo, nitakuwa nimekwenda kazini. Barua hii utaikuta juu ya kinu, na kando yake sufuria ya supu ya mkia wa kondoo, imefunikwa, imekaa kwenye majivu ya moto. Ndani yake kuna pande la nyama lenye mafuta. Sikulikata, kwa sababu kisu sikukiona. Likate wewe.

Kunywa kwanza supu. Kisha kaa. Usikae kwa kunipendeza, kaa kwa muda wa kukoka moto na kuchemsha chai, umwachie tarishi atembee. Kisha kula nyama. Ukimaliza utaona mpini umejaa mafuta ya kondoo, na hili nalijua kwa makovu ya kiganja changu: kisu chenye mafuta hakimchomi mtu, kinateleza na kumkata mwenye nacho. Huwezi kwenda nacho popote hivyo. Itabidi ukioshe. Maji ya baridi hayatoi mafuta ya kondoo, wala jivu peke yake. Ni mchanga wa pwani na maji ya chumvi, usugue, usuuze, usugue tena.

Na mchanga mzuri uko upande wa kaskazini, karibu na machinjio, njia ya Saadani inapopitia.

Nitakuwepo hapo naosha matumbo kwa kisu kikubwa, kibaya kwa kazi hiyo, lakini nitafanyaje. Nitakuwa nimeinama, nimekupa mgongo, ili usiseme nilikaa kukulinda. Ukipita, ukiwa na kisu au bila kisu, sema shikamoo. Hata kwa midomo hiyo iliyopasuka, hata kwa hasira. Sitageuka mpaka niisikie.

Marahaba iko tayari.

Mama yako,
Tatu